Kwanza Maji, Kisha Stima

Fundi alikuja kwa nyanya yangu mwezi wa Februari, wakati udongo umekuwa mgumu kama tofali na wachumaji wanarudi kutoka shambani na vikapu nusu kwa sababu mchai hautoi. Stima ilikuwa inawaka vizuri. Friji inanguruma jikoni, angani hakuna hata kipande cha wingu. Nikamwuliza mbona asingoje mwisho wa Machi, mvua ikaribie, ndipo tuone panapovuja. Akaendelea kukunja mikono ya shati. "Mvua ikishashika," alisema, "udongo utanidanganya."

Ilinichukua siku nzima kuelewa maneno hayo, na siku hiyo nzima nilimfuata hatua kwa hatua, kama watoto wanavyofuata lori la miwa.

Nyumba ya Kogo, ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita bibi, iko nje kidogo ya mji wa Litein, juu ya mgongo wa kilima ambao chai imeufunika pande zote mbili, kuanzia barabarani hadi kijitoni. Kuta ni za matofali, paa ni la mabati, jiko la kuni liko nje, na nyuma yake kuna banda la ng'ombe wawili. Majira ya baridi kama ya Ulaya hatuna, ingawa asubuhi za Julai pumzi huonekana ikitoka mdomoni. Lakini kabla ya Julai kuna Aprili na Mei, na hiyo ndiyo miezi inayozijaribu nyumba. Masika ya huku hayaji peke yake. Huja na radi, na huja na mawe.

Ukitaka kujua sababu, tazama magharibi. Ziwa Victoria liko chini yetu. Mchana, nchi kavu ikishapata joto, upepo wa ziwani hupanda kuelekea milimani ukiwa umebeba unyevu. Huku juu hukutana na upepo wa mashariki, hukosa pa kwenda ila juu zaidi, na ikifika saa tisa alasiri wingu limesimama kama mnara upande wa milima ya Mau. Katika maandishi ya hali ya hewa Kericho yetu hutajwa kwa idadi moja iliyokuwa maarufu: siku 132 za mvua ya mawe kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, ndege zilirushwa hapa kunyunyizia mawingu kemikali ili mawe yasipate kukua. Hata chai yenyewe ilitiliwa shaka: mwaka 1982 watafiti wawili, R. C. Schnell na S. N. Tan-Schnell, walichapisha kwamba takataka za majani zilizolala chini ya michai ya Kenya zina chembe zinazosaidia maji kuganda kuwa barafu.

Mkulima huyaogopa mawe kwa ajili ya majani yake. Fundi wa stima ana hofu nyingine. Jiwe hupasua ganda la waya lililokaushwa na jua kwa miaka mingi. Mawe yakijazana kwenye mfereji wa paa huuziba, na maji yanayofuata hurudi nyuma chini ya bati na kuingia darini, mahali ambapo nyaya zimelala gizani bila mtu kuziona tangu nyumba ilipojengwa. Ndiyo maana yeye hakuanza kazi yake kwenye swichi wala kwenye mita. Alianza kwa kuizunguka nyumba polepole, mikono nyuma, akitazama madoa ukutani. Doa la kahawia chini ya kona ya paa. Mstari mwembamba wa ukungu wa kijani karibu na taa ya nje. Alikuwa anasoma mahali maji yalipopita mwaka jana.

Nimefikiri sana juu ya hilo tangu siku ile. Kiswahili kimetupa neno moja, umeme, kwa mmweko wa angani na kwa nguvu iliyo ndani ya waya, kana kwamba lugha ilijua mapema kwamba ni kitu kimoja. Sisi Wakenya tukachukua neno lingine tena, stima, lililoanza kama jina la meli ya mvuke. Na mvuke ni nini kama si maji? Mvua inayoanguka juu ya paa la Kogo huteremka hadi kwenye vijito vinavyolisha Itare, Chemosit na Kipsonoi, mito hiyo huungana kuwa Sondu, na Sondu, kabla ya kurudi ziwani, hupitishwa katika mitambo ya Sondu Miriu ya megawati 60, kisha Sang'oro ya megawati 21. Ng'ambo ya Bomet, hospitali ya Tenwek imekuwa ikipata stima yake kutoka maporomoko ya mto Nyangores tangu miaka ya 1980. Huku kwetu huwezi kuongea juu ya stima bila kuongea juu ya maji, na fundi huyu ndiye mtu wa kwanza niliyemwona anayefanya kazi kana kwamba anaamini hivyo.

Kabla ya kugusa chochote alizima swichi kuu. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona kwa mafundi wengine. Alichukua kipimo chake, akakijaribu kwanza kwenye waya aliojua bado una stima, kikawaka. Akaenda akapima kisanduku cha ndani, hakikuwaka. Akarudi kwenye ule wenye stima, kikawaka tena. Ndipo akaingiza bisibisi. Kipimo kilichokufa hakitofautiani na waya uliokufa, aliniambia, vyote viwili vinakaa kimya. Kwa hiyo yeye hupima kipimo kabla ya kupima waya, na hukipima tena baadaye, kwa kuwa kinaweza kufa katikati.

Alipofungua soketi ya jikoni alisogeza pua karibu. Nikafanya vivyo hivyo, nikasikia harufu kama ya samaki wa siku mbili. Ile plastiki ngumu ya soketi na plagi ikipata joto kupita kiasi hunuka hivyo hasa, na Kogo alikuwa ameshasikia harufu hiyo tangu Krismasi akidhani ni paka. Skrubu ilikuwa imelegea. Shaba hupanuka inapopata joto na kujikunyata inapopoa. Kila chai inapochemshwa kwa birika la umeme, kila linapozimwa, skrubu hulegea kwa kiasi kidogo usichoweza kukiona. Mahali palipolegea hupata joto zaidi, na joto huzidi kulegeza. Alikata ncha iliyoungua, akachuna ganda upya, akaikunja shaba mara mbili ili skrubu ipate kitu cha kuuma, akakaza. Halafu akaushika waya kwa vidole viwili akauvuta kidogo, kwa heshima, kama mtu anayejaribu jino la mtoto. Haukutoka. Alifanya hivyo kwenye kila soketi ya nyumba ile, hata zile ambazo hazikuwa na kasoro.

Shawa ya maji moto ilimchukua muda. Hiki ndicho kifaa kinachopendwa kuliko vyote huku kwenye chai wakati wa baridi, na ndicho kinachotaka heshima kuliko vyote. Shawa ya wati 5,500 kwenye stima ya volti 240 hula karibu ampea 23, bila kupumzika, mtu akiwa amesimama chini yake akiwa amelowa. Wengi huifunga kwa waya wa milimita 2.5 za mraba uleule wa soketi, na itafanya kazi, hata miaka miwili, waya ukiwa unapata joto ndani ya ukuta siku hadi siku. Hapa palikuwa na waya mnene, wa milimita 6 za mraba, nao ulikuwa na ethi yake, waya wa kupeleka ardhini stima inayopotea. Fundi hakufurahi wala hakusifu. Aliufuata ule waya wa kijani na manjano kwa kipimo kutoka bafuni hadi kwenye kisanduku, kuhakikisha haukukatika njiani, kwa sababu waya wa ethi una tabia hii mbaya: ukikatika, hakuna taa inayozimika kukuambia.

Baadaye ikaja kazi ambayo bado naiwaza.

Kutoka nyumbani hadi jiko la nje na banda la ng'ombe kuna waya unaopita hewani, kwenye kigingi cha ukutani. Ni waya wa Kogo mwenyewe. Ule unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita ni wa kampuni ya umeme, na fundi aliutazama tu kutoka chini, akaandika kwamba tawi la mkalitusi la jirani limeusogelea, akamwambia Kogo apige simu. Hakugusa, wala hakukubali nipande mti kulikata. Lakini huu wa bandani alipanda ngazi akaushika. Ulikuwa umevutwa ukakaza na kuingia ukutani moja kwa moja, kwa mteremko, kama mfereji mdogo. Tone la mvua likianguka katikati ya waya lilikuwa na barabara nyoofu hadi ndani ya kisanduku cha swichi. Maji ni mavivu, alisema akiwa juu ya ngazi, hayarukii popote, yanafuata yanachoonyeshwa.

Akaulegeza. Akaacha waya ushuke chini ya tundu, kama shanga inavyoning'inia kifuani, ukateremka kama kiganja kizima kisha ukapanda tena kuingia ukutani kutoka chini. Paipu ya tundu aliigeuza ielekee chini na nje. Mahali ambapo ukingo wa bati ulikuwa unaugusa waya, na upepo wa Agosti ulikuwa umeanza kuusaga kama msumeno butu, akavisha kipande cha paipu. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini, haikuhitaji kifaa chochote cha bei. Alishuka, akasogea nyuma hatua tano, akalitazama lile pinda, akapanda tena akaliteremsha kidole kimoja zaidi.

Halafu akamwomba Kogo kopo la kumwagilia sukumawiki.

Nilidhani anataka kunawa. Kumbe alikuwa amekwisha kuchomoa kila kitu nyumbani, redio, friji, chaja za simu, hata balbu, kwa sababu sasa anataka kupima magamba ya nyaya kwa mega, kifaa kinachosukuma volti 500 ili kuona kama kuna panapovuja, na volti hizo zingeharibu vyombo. Alipima zikiwa kavu. Laini ya bandani ikasoma vizuri, mbali juu ya megaomu moja inayotakiwa. Fundi mwingine angeandika namba hiyo akaenda zake. Huyu alipanda na kopo, akamwaga maji juu ya bati, juu ya kisanduku cha swichi ya banda, taratibu, makopo manne. Akashuka. Akangoja, akanywa chai aliyoletewa ("Weri, itapoa hiyo," Kogo alimhimiza, akimwita kijana), kisha akapima tena. Namba iliporomoka chini ya nusu megaomu.

Alikuwa ametengeneza masika yake mwenyewe mwezi wa Februari. Akafungua kisanduku, akakuta kiungo kilichofungwa kwa utepe mweusi uliochoka, na tone moja likiwa limening'inia juu yake. Akakiondoa, akatia kiungo cha kufunga kwa skrubu ndani ya boksi lisiloingiza maji, tundu zake zikitazama chini. Makopo manne tena. Mara hii namba haikutikisika.

Ndipo nilipoanza kuelewa maneno yake ya asubuhi, ingawa kwa upande wa pili. Nyaya hupimwa zikiwa zimelowa, kwa kuwa maji ndiyo adui yake. Udongo ni kinyume. Kwenye ethi, maji ni rafiki: yanapoloweka udongo, stima inayokimbia hupata njia nyepesi ya kuingia ardhini. Ukipima ethi mwezi wa Mei, hata fimbo mbovu iliyozikwa ardhini itakupa namba nzuri, na utalala ukijiona salama hadi kiangazi kikukute. Udongo wa Mei ndio unaodanganya. Udongo wa Februari husema kweli.

Kwa hiyo jua la saa tisa lilimkuta ameinama kwenye kona ya nyumba, anafukua. Fimbo ya zamani ilikuwa kipande cha nondo ya ujenzi. Udongo wetu mwekundu una asidi, ndiyo sababu chai inaupenda, na asidi hiyo ilikuwa imekula chuma kile kikabaki chembamba kama penseli pale chini, ilhali kichwa chake juu kilionekana kizima. Akapigilia fimbo ya shaba ya mita 1.2. Udongo wa huku una kina, hauna mawe karibu, na ukishapita ugumu wa juu fimbo huzama kwa nyundo kama inavyozama kwenye ndizi. Akafunga kipimo cha ethi na vijiti viwili vya msaada, kimoja mita 30 kutoka kwenye fimbo, kingine katikati ya mstari, si katikati kamili bali mita 18 na nusu hivi. Mstari wenyewe ulipita kati ya safu mbili za mchai, na wachumaji wawili wakasimama kutazama. Omu 38. Akasogeza kile kijiti cha kati mita mbili mbele, kisha mita mbili nyuma, akasoma tena kila mara. Namba ikikataa kubadilika, alinieleza, ndipo unaiamini. Ikibadilika, vijiti viko karibu mno na unapima kivuli chako.

Omu 38 zingetosha kabisa kwa breka ya usalama, ile yenye kitufe cha kujaribia, inayokata stima mara inapohisi miliampea 30 zimepotea njia. Lakini kwa ajili ya radi yeye alitaka chini zaidi. Nikamwuliza kwa nini asitumie fimbo nene. Akaniambia unene ni wa macho: ukiuongeza maradufu unapata nafuu ndogo, kama sehemu moja ya kumi. Ukiongeza urefu maradufu unapunguza ukinzani karibu nusu, kwa kuwa kule chini kuna udongo ambao Februari haujawahi kuufikia. Akaunga fimbo ya pili juu ya ya kwanza kwa kiungo cha shaba, akapigilia zote hadi mita 2.4. Omu 19. Akaandika namba na tarehe kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa kisanduku, huku akitaja kwa kichwa namba zake za mwaka juzi za nyumba ya jirani, akilinganisha.

Kinga ya radi aliifunga mwisho, kifaa kidogo kinachotoshea kando ya breka, na hapa alikuwa mchoyo wa waya. Alikata, akapima, akakata tena, hadi nyaya zake zote kwa pamoja hazikufika nusu mita. Mshtuko wa radi hupanda kwa kasi ambayo kila mita ya waya inaweza kubakiza volti elfu moja njiani, na volti hizo ndizo zinazofika kwenye friji. Waya mzuri hapa ni ule mfupi na ulionyooka, hata kama haupendezi.

Kogo alikuwa na kinga yake. Ngurumo ikianza yeye huchomoa kila plagi, hufunika kioo, na hukaa mbali na mlango. Wazee wetu na majirani zetu Wanandi walimjua mwenye ngurumo kwa jina, Ilet. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya Wanandi, aliandika kwamba walikuwapo wawili, mwema na mbaya, ule mngurumo wa mbali ukiwa wa yule mwema anayewakinga watu, na mlio mkali wa karibu ukiwa wa yule mbaya anayetaka kushuka. Nilitazamia fundi atamwambia Kogo kwamba sasa hana haja ya kuchomoa. Hakusema hivyo. Alimwambia, "Kogo, endelea kuchomoa. Hiki kifaa kinakusaidia siku usipokuwepo." Na kuhusu kile kitufe cha breka, kinachopaswa kubonyezwa kila mwezi, hakumpa tarehe ambayo angeisahau. Alimwambia abonyeze siku malipo ya chai yanapoingia kwenye simu.

Alimaliza jua likizama nyuma ya kilima. Kabla ya kufunga mkoba alimwonyesha Kogo leseni yake ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, bila kuombwa, akakusanya vipande vyote vya ganda alivyovichuna na ile nondo iliyoliwa, akaisimamisha nondo hiyo kwenye kizingiti ili wajukuu waione.

Mvua ilishika wiki ya kwanza ya Aprili, nami nikiwa nyumbani tena. Saa tisa na robo wingu lilifunika Mau, na dakika chache baadaye mabati yalikuwa yanapiga kelele hata hatukusikizana. Kogo alikuwa amekwisha kuchomoa kila kitu. Nilisimama dirishani nikatazama ule waya wa bandani. Maji yaliteremka juu yake kwa mwendo wa haraka, tone likifuata tone, hadi pale kwenye pinda, chini ya tundu. Pale yalisimama. Yakajikusanya chini kabisa ya mviringo, yakavimba, yakaanguka ardhini. Ukuta nyuma yake ulikuwa mkavu.

"Toka dirishani," Kogo aliniita, "mawe yanakuja."